Mwenyekiti Nyuma ya Nguzo

Tarehe 4 Februari

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Goti lako linasemaje siku hizi? Huku wote tunapumua, ila mke wangu aling'olewa jino la nyuma wiki iliyopita, na kwa siku mbili nyumba ilikuwa na utulivu ambao sijauona tangu tuoane. Binti yetu amepata nafasi chuo cha uuguzi. Anasema wewe ndiye uliyemwambukiza, kwa hadithi zako za wodi ya wazazi. Mama ameniandikia, anakusalimia sana, kama kawaida yake.

Kazi inakwenda. Msimu huu ni kadi za harusi na fomu za shule, na ile mashine ya kukatia karatasi niliyokwambia imeacha kukwama tangu nilipoibadilishia kisu. Najua ungenicheka kwa kukuandikia wakati simu ipo, lakini wewe mwenyewe ulisema simu inawafanya watu wadanganye haraka mno.

Sasa jambo lenyewe. Nimechaguliwa kuwa mwenyekiti wa baraza la wazee wa kanisa. Nilikataa mara mbili. Mara ya tatu nikaona wanageuka kumtazama yule mwenye duka la vioo, nikahisi moyoni kwamba si vizuri kumpinga Roho.

Na kwa kuwa kanisa letu limeingiliwa na majivuno, hasa upande wa kwaya na kamati ya akina mama, nimeamua kuandika kitabu kidogo. Kina hatua kumi na mbili za kujishusha. Nakiandika mwenyewe, nakipanga mwenyewe, nakichapa mwenyewe. Picha ya jalada ni yangu, nimeinamisha kichwa. Mpigapicha alinipiga mara kumi na nne, maana kila mara nilionekana kama mtu anayetafuta kifungo kilichodondoka. Ya kumi na tano ndiyo ilitoka na unyenyekevu wenyewe.

Ninachoomba kwako ni kisa kimoja cha utoto wangu, kinachoonyesha kwamba hata nilipokuwa mdogo nilikuwa na moyo wa kujishusha. Wewe ulinilea likizo nyingi, huwezi kukosa. Kiwe kifupi, ukurasa mmoja.

Kwa upande wa uongozi nimeanza na marekebisho madogo kwa watunzaji wa jengo. Ni utaratibu tu, si jambo la kukuchosha.

Mwanao,
Mwenyekiti


Tarehe 27 Februari

Bwana Mkubwa,

Marahaba. Goti lipo, linanitabiria mvua kuliko redio. Zahanati wameniomba niendelee siku tatu kwa wiki, kwa sababu mkunga mpya ana vyeti vingi lakini akiona damu anatafuta ukuta wa kuegemea. Wiki jana nimepokea mapacha. Wa kwanza alitoka analia, wa pili akatoka amekunja uso kama karani uliyemkatiza chai. Mama yao akasema, "Huyu wa pili atakuwa mkubwa." Nikamwambia, "Kwanza tumkaushe."

Mwambie binti yako nimefurahi hadi nikamwaga chai yangu. Mke wako mpe pole ya jino.

Salamu za mama yako nimezisoma.

Umeomba kisa. Nimekaa nimefikiri siku kadhaa, nisije nikakudhulumu. Nilichopata ni hiki. Ulikuwa na miaka saba. Likizo ile ulikuja kwangu, ukajitolea kuombea chakula. Tukasema mtoto amelelewa vizuri. Ukamshukuru Mungu kwa chakula, kwa mvua, kwa babu yako, kisha ukamshukuru kwa kukupa wewe nguvu za kuchota maji ndoo tatu, wakati dada yako amechota moja, na hiyo moja ilikuwa imepungua. Dada yako akafumbua macho akasema, "Mwongo! Mbili!" Wewe ukaendelea kuomba, ila kwa sauti ya juu zaidi. Baba yako, aliyewaleta, alikuwa tayari amechukua sahani yake ameenda kula barazani. Mlipogombana ndani ya sala, chakula kilipoa, na mimi nilicheka hadi nikatoka nje.

Kama kinafaa kitabuni, kitumie. Kina ukurasa mmoja kasoro.

Sasa nieleze. Marekebisho gani? Umeandika mstari mmoja na nusu kuhusu jambo hilo, na kuhusu picha yako umeandika mistari mitano. Nimekuwa mkunga miaka thelathini na minane, mwanangu. Mama akiniambia haraka haraka kwamba hapa hapaumi, hapo ndipo ninapobonyeza.

Shangazi yako


Tarehe 30 Machi

Shangazi mpendwa,

Shikamoo, na unisamehe kwa kuchelewa. Uchapaji ulinibana. Watu wa nyumbani wazima. Mke wangu ameanza kutafuna upande wa pili. Mama anakusalimia, anauliza kama bado unapenda kushona.

Kisa chako nimekipokea kwa shukrani, ila nafasi haikutosha.

Umeniuliza kuhusu marekebisho, nami sina cha kuficha. Unamkumbuka yule mtunza kanisa tunayemwita Mzee Funguo? Ulimwona ulipokuja kwenye harusi yetu, ana pete kubwa ya funguo kiunoni, akitembea unajua yuko wapi. Amefanya kazi ile miaka ishirini na miwili, na sisemi kwamba hakuifanya. Lakini Jumapili ile ya kuwekwa wakfu kwa sakafu mpya, alipotugawia viti, benchi la mbele lote aliwapa watu wengine, na mimi na mke wangu akatuweka safu ya sita, nyuma ya nguzo. Mimi, mwenyekiti mteule! Ibada nzima niliangalia plasta. Askofu mgeni alipouliza, "Mwenyekiti wenu yuko wapi?" ilinibidi nitoe mkono upande mmoja wa nguzo nikaupunga, kama mtu anayezama.

Sikuumia kwa ajili yangu. Niliumia kwa ajili ya cheo. Niliandika barua kwa baraza kuhusu utaratibu wa itifaki, baraza likaona busara mzee apumzike. Amepumzishwa kwa heshima zote. Nilimchapia cheti mwenyewe, karatasi nene, herufi za dhahabu.

Yamekwisha hayo. Habari njema ni kwamba kitabu kimetoka! Nakala elfu moja. Nakutumia moja ya kwanza kabisa kabla hata sijazifungua paketi nyingine. Kinaitwa *Mfuate Kristo kwa Unyenyekevu*. Uzinduzi ni tarehe kumi na nne Aprili, na mchungaji ameniomba nihubiri siku hiyo. Mke wangu ndiye aliyefunga bahasha, kwa hiyo kama imekaa upande usinilaumu mimi.

Mwanao,
Mtumishi wenu nyote


Tarehe 10 Aprili

Bwana Mkubwa,

Nilikawia kuchukua bahasha posta kwa sababu ya goti, na sasa naandika mbio, nikiomba barua hii iwahi kabla ya tarehe kumi na nne.

Mwanangu, umekiangalia kitabu chako? Sisemi picha. Najua picha umeiangalia. Nasema jalada zima.

Juu limeandikwa MFUATE. Chini ya neno hilo ni wewe, umeinamisha kichwa, kuanzia hapo hadi ukingo wa karatasi. Hakuna kingine. Kristo hayumo. Unyenyekevu nao haumo. Nimekigeuza nyuma, nimekifungua ndani, nimekitikisa. Nimemwonyesha mkunga mpya akasema, "Tumfuate huyu? Anakwenda wapi?"

Simamisha uzinduzi. Hata ukisema umepatwa na tumbo, simamisha.

La pili. Bahasha haikukaa upande. Ilikuwa imenenepa. Katikati ya hatua ya saba na ya nane mke wako aliweka kikaratasi. Nakiandika hapa kama kilivyo, na ukimfokea kwa ajili yake nitapanda basi na goti hili hili:

"Shangazi, hajakwambia yote. Mzee Funguo alikuwa anaishi chumba cha nyuma ya kanisa, na chumba kilikuwa cha kazi, kwa hiyo kazi ilipokwenda na chumba kilikwenda. Sasa anaishi kwenye karakana ya seremala, amepangiwa kona penye maranda. Na benchi la mbele alikuwa amewapa viziwi, ili wamwone yule dada anayewatafsiria kwa mikono. Mimi nilimwambia mume wangu siku ile ile. Akasema sielewi itifaki."

Basi nimekaa nayo siku nzima. Umemtoa mzee kitandani kwake kwa sababu ya nguzo. Kisha ukampa cheti cha dhahabu akakitundike wapi, kwenye maranda?

Unajua la kufanya. Nenda kamwombe msamaha. Uende mwenyewe, mchana kweupe, bila mpigapicha, na bila kulitangazia baraza kwamba unakwenda. Bwana unayesema tumfuate alijifunga taulo akaosha watu miguu, wala hakuandika hatua kumi na mbili za kuifunga taulo.

Shangazi yako


Tarehe 23 Aprili

Shangazi,

Shikamoo. Sote wazima.

Barua yako imefika leo, siku tisa baada ya uzinduzi. Uzinduzi ulifanyika.

Nakuheshimu kama mama, na nimeisoma barua yako kwa utulivu. Lakini kuna jambo nimelimeza muda mrefu. Unanifundisha kuomba msamaha. Je, wewe na mama? Mnakaa mji mmoja, mitaa miwili tu katikati. Wewe unasali ibada ya kwanza, yeye ya pili, ili msikutane mlangoni. Tangu tumzike baba ni mwaka wa kumi na moja, na hakuna hata mmoja wenu aliyewahi kuniambia kosa lilikuwa nini.

Na zile salamu, Shangazi. Mama hajawahi kukusalimia hata mara moja. Nilikuwa nazitunga mimi. Na zako kwake nazitunga mimi vilevile. Kwa miaka kumi na moja ninyi wawili mmekuwa mkipendana kwenye karatasi zangu tu.

Ni mimi,
Mwana wa kaka yako


Tarehe 8 Juni

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Wiki sita umenyamaza, na ninastahili. Kila nikisikia baiskeli ya mtu wa posta natoka nje nikijifanya naangalia hali ya hewa. Kwa hiyo naandika bila kusubiri zamu yangu.

Nyumbani ni wazima. Binti ameanza chuo na tayari anatupima presha bila kuombwa. Mke wangu ananisemesha, ila kwa sentensi fupi.

Sikukueleza uzinduzi. Nilisema ulifanyika, na hiyo ndiyo sehemu pekee ambayo haikuwa ya aibu.

Nilihubiri dakika hamsini kuhusu kujishusha. Kisha mchungaji akakata utepe wa paketi, akatoa nakala, akaiinua juu watu wote waione, akasoma kwa ile sauti yake ya kubariki: "Ndugu zangu, kitabu hiki kinaitwa... *Mfuate*." Akakigeuza nyuma kutafuta tumfuate nani, akarudi mbele, akanitazama mimi, akatazama picha. Yule dada wa mikono, anayewatafsiria viziwi, alifanya kazi yake kwa uaminifu. Akaonyesha ishara ya "mfuate", halafu akaninyooshea kidole. Benchi la mbele ndilo lililoanza kucheka, Shangazi. Walicheka kwa sauti ambayo wao wenyewe hawaisikii, kwa hiyo hawakujua namna ya kuipunguza. Baada ya hapo hakuna aliyeweza kujizuia. Hata mpiga kinanda alilala juu ya kinanda, kikatoa sauti mbaya.

Nilikwenda karakanani kwangu Jumatatu nikiwa natafuta wa kumfukuza. Mama mmoja anayeendesha mashine ya kukatia akanitazama bila woga. "Bosi, ulisema picha ikuzwe ili kuinama kuonekane. Nikakuuliza, maneno ya chini je? Ukasema, 'Usiguse picha.' Maneno yakaangukia kwenye ukingo, kisu kikayachukua." Ni kweli. Nilisema hivyo. Nakala ya majaribio nilitia sahihi mwenyewe, na nakumbuka nilikuwa naangalia nini nilipokuwa natia sahihi. Nilipofika nyumbani nikamuuliza mke wangu kama na yeye aliona. Akasema aliona tangu siku ya kwanza. "Sasa mbona hukuniambia?" Akasema, "Nilidhani sielewi chapa."

Ndipo barua yako ikafika, nami nikakujibu kwa hasira. Unajua hayo.

Jumapili iliyofuata tukafika kanisani, milango imefungwa. Kijana aliyekuwa akitufungulia kwa muda alikuwa ameacha, na pete ya funguo ilikuwa imerudi kwa baraza, maana yake kwangu. Funguo arobaini na moja, Shangazi, na hakuna hata moja yenye alama. Mzee alizijua kwa vidole. Nilisimama mlangoni najaribu moja baada ya nyingine, waumini wote nyuma yangu kwenye jua, mtu mmoja akisema taratibu, "Tumfuate, tumfuate, hata mlango hajui." Ya thelathini na tatu ndiyo iliyofungua.

Nikasema nitafanya kazi ile mwenyewe hadi tupate mtu. Kusema kweli nilitaka waone. Wiki ya kwanza nilifagia Jumamosi saa nne, wakati kwaya wanafanya mazoezi, na nilifagia karibu nao. Hakuna aliyesema kitu. Mwimbaji mmoja aliinua miguu nipitishe ufagio, akaendelea kuimba. Wiki ya pili nikafagia tena, safari hii nikipiga chafya kidogo. Hakuna. Wiki ya tatu sikumbuki kama kulikuwa na watu. Nilikuwa nahangaika na njiwa anayeingia kwa tundu la madhabahuni na kuchafua kitambaa, nikawa nafikiria yule mzee alimzuiaje kwa miaka ishirini na miwili. Nikagundua sijawahi kumuuliza chochote. Hata jina lake halisi nililisoma kwa mara ya kwanza nilipokuwa namchapia cheti.

Alhamisi ya wiki ile nikaenda kwa seremala. Saa tisa mchana, peke yangu. Nilikuwa nimeandika kurasa nane.

Nilimkuta anashikilia mlango uliolazwa juu ya meza, anaupiga randa. Seremala hakuwepo. Hakushangaa kuniona.

"Mwenyekiti. Shika huku, mlango unacheza."

Nikashika upande wa pili. Nikasema, "Mzee, nimekuja na maneno machache," nikatoa karatasi mfukoni kwa mkono mmoja.

"Soma tu," akasema. "Lakini usiachie mlango."

Nikaanza kusoma. Ukurasa wa kwanza wote ulikuwa unaeleza uzito wa majukumu ya mwenyekiti. Yeye anapiga randa, maranda yanaangukia viatu vyangu. Nilipofika ukurasa wa pili, penye maneno "katika mazingira ya kutoelewana yaliyojitokeza baina ya pande husika," nikasikia sauti yangu mwenyewe. Ilikuwa sauti ya mtu anayesoma tangazo la kukatika maji. Nikaziweka karatasi chini.

"Nilikukosea," nikamwambia. "Nilikasirika kwa sababu uliniweka nyuma ya nguzo. Nikakutoa kazini na nyumbani kwako kwa sababu hiyo tu, hakuna nyingine. Nisamehe."

Akasimamisha randa. "Ile nguzo ya safu ya sita?"

"Ndiyo."

"Hata mimi ningekasirika," akasema. "Ila mimi ningeikasirikia nguzo."

Akavuta kigoda akakaa, akafuta jasho. Halafu akasema jambo ambalo sikulitegemea. "Kuumia niliumia, usidhani. Cheti chako nimekiweka chini ya mguu wa meza hii, inatingishika. Usiku wa kwanza hapa nilikuombea mabaya. Wa pili nikakuombea mabaya kidogo. Sasa nimechoka kukubeba, wewe ni mzito."

Nikamwomba arudi, kazini na chumbani, nikamwambia nitasema mbele ya baraza kwamba kosa lilikuwa langu. Akasema, "Kurudi nitarudi, chumba changu kina dirisha zuri. Lakini si leo. Leo nina mlango." Tukaendelea. Nilishika mlango ule hadi saa kumi na moja, na mikono yangu ilitetemeka siku mbili.

Na hapa nikueleze ukweli, kwa kuwa nimeshaanza. Nilipotoka pale nilitembea nimeinua kichwa. Kabla sijafika kona ya kwanza nilikuwa nawaza hakuna mwenyekiti mwingine ambaye angeweza kujishusha namna ile. Nikasimama barabarani nikajicheka peke yangu, mama mmoja akavuka upande wa pili.

Kwenye baraza nilisema yote. Nikataka kujiuzulu, nilikuwa nimeandaa na hotuba. Mchungaji akasema, "Kaa tu, ndugu. Ukijiuzulu utahutubia." Wakapiga kura mzee arudi, wote mikono juu. Karibu nakala zote za kitabu nimezikata vipande, zimekuwa karatasi za kuandikia oda dukani. Kila mteja anayekuja anapewa kipande cha unyenyekevu wangu, nyuma kuna nusu ya sikio langu.

Shangazi, yale niliyokuandikia Aprili yalikuwa ya kweli, lakini niliyaandika ili yakuume. Nisamehe kwa hilo.

Mwanao


Tarehe 2 Julai

Mwanangu,

Marahaba. Nimepokea barua zako zote mbili. Ya Aprili niliirudisha ndani ya bahasha, nikaiweka chini ya sanduku la vifaa vyangu vya uzazi, na kila nilipochukua mkasi niliiona. Sikunyamaza kwa sababu umenikosea. Nilikuwa nikikaa kuandika, kila jibu linalokuja ni zuri mno, na nilipolisoma tena nikaona linafanana na kurasa zako nane.

Huku wazima. Mkunga mpya sasa anaweza kusimama bila ukuta. Jirani amepaka nyumba yake rangi ya kijani ambayo hata mbuzi wanaikimbia. Goti...

Haya. Naona nazunguka.

Umetaka kujua kosa lilikuwa nini. Siku ya kumzika baba yako, mama yako ndiye aliyesoma orodha ya wanaoweka maua. Akaita watoto, akaita wajomba, akaita wafanyakazi wenzake, akaita chama cha wapanda miti. Mimi, dada yake wa pekee, niliyembeba mgongoni, sikuitwa. Nilikuwa nimeshika maua yangu mkononi. Chama cha wapanda miti wakapita mbele yangu na maua yao. Nikayaweka yangu chini pale pale nilipokuwa nimesimama, nikaenda nyumbani. Nikasema, siku atakayokuja kunieleza, nitamsikiliza. Hakuja. Nikasema basi, ameonyesha alivyo. Hiyo ndiyo miaka kumi na moja yote. Nikiiandika inajaa mistari sita tu, nami nilidhani ingejaa daftari.

Alhamisi iliyopita nilitoka zahanati saa nane. Nilikuwa nimepanga kumwambia, "Wifi, nimekusamehe." Nimelifanyia mazoezi njia nzima, na lilinipendeza, nikaona jinsi atakavyolia. Nimefika mlangoni, nimebisha. Akafungua. Mwanangu, amezeeka! Sijui nilitegemea nini. Nimemwona kila mwaka kwa mbali, mgongo tu, akiingia ibada ya pili. Uso sikuwa nimeuona.

Akaniambia, "Umekuja kupima mlango, au unaingia?"

Nikaingia. Tukakaa. Hakuna aliyeuliza hali. Nikaona nikichelewa nitakimbia, nikasema, "Wifi, nimekuja kwa ajili ya maua."

"Maua gani?"

Nikadhani ananidharau. Nikamweleza yote, na wapanda miti wao, sauti ikipanda. Yeye ananitazama mdomo wazi. Akainuka, akaenda chumbani, akarudi na bahasha ya kahawia yenye vyeti vya kaka yangu na barua za rambirambi. Akachambua hadi akaipata ile orodha. Mwandiko wake. Namba moja, watoto. Namba mbili, jina langu, limepigiwa mstari chini mara mbili. Namba tatu, wajomba. Na karatasi yenyewe, pale kwenye namba mbili, imelowa na kukauka, wino umetawanyika.

"Nilikuwa nalia," akasema. "Maandishi yalikuwa yanacheza. Kumbe niliruka mstari. Nilipomaliza nikakutafuta ili ua la mwisho, la heshima, tuliweke pamoja, nikaambiwa umeondoka. Nikasema, ameondoka kwenye maziko ya kaka yake bila hata kunishika mkono! Nikasema, siku atakayokuja kunieleza, nitamsikiliza."

Mwanangu, maneno yale yale. Yeye kwenye nyumba yake na mimi kwenye yangu, mitaa miwili katikati, kila mmoja amekaa kwenye kiti anasubiri mwenzake aje kujieleza. Na kila Jumapili tunakwenda kumwomba Mungu atusamehe, mmoja saa moja, mwingine saa nne.

Lile neno nililolifanyia mazoezi halikuwa na pa kukaa tena. Nilikuwa nimekuja na msamaha wa kumpa, nikagundua sina deni lolote la kumsamehe. Mimi ndiye nilihitaji. Sikulisema vizuri. Nilisema, "Basi mimi ndiye mpumbavu," akasema, "Mimi pia nilikuwa na miguu, ningeweza kuja." Nikasema, "Nisamehe, wifi." Akasema, "Na wewe." Hatukukumbatiana, sisi si watu wa sinema. Alinisogezea mto nikaweka goti.

Akachukua gauni alilokuwa anashona kabla sijabisha. Uzi ulikuwa umechomoka. "Nitungie," akasema, "macho yangu yameisha." Nikaichukua sindano. Mkunga mimi, niliyeshona wanawake nusu ya mji huu! Nikajaribu, uzi ukapita pembeni. Nikalamba, nikajaribu tena. Akanipokonya, akajaribu yeye, akakosa. Tukasogeza viti mlangoni penye mwanga, yeye ameshika sindano kwa mikono miwili, mimi nimeshika uzi kwa mikono miwili, vichwa vimegusana, kila mmoja anamwambia mwenzake asitingishike. Tumekaa hivyo mpaka watu waliopita njiani wakaanza kupunguza mwendo. Uzi haujaingia. Akaanza yeye kucheka, kisha mimi, na tulicheka hadi sindano ikadondoka sakafuni, wazee wawili tukainama kuitafuta, na mimi kwa goti hili nikashindwa kuinuka, na yeye akashindwa kuniinua, akaketi chini kando yangu.

Shangazi yako